SAA MOJA KWA WATU WOTE
Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Sogeeni karibu na redio, fungueni madaftari yenu. Leo tutasoma habari za kutia saa majira, tangu zamani hata sasa.

Wazee wetu walitazama jua. Likiwa utosini, ni adhuhuri. Hesabu hiyo yamfaa mtu alimaye shamba lake mwenyewe. Lakini jua halifiki utosini kila mahali kwa wakati mmoja. Hupita kwanza Dar es Salaam, na baada ya dakika 22 hivi ndipo hufika Musoma. Kama kila mji ungefuata jua lake, saa zao zisingepatana kamwe.

Mwaka 1901 reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu. Baadaye meli zikawa zikitia nanga Musoma. Abiria akauliza, "Meli itaondoka saa ngapi, na kwa saa ya nani?" Swali hilo lilitaka jawabu moja. Siku hizi nchi yetu yote ina saa moja, nayo imetangulia ile ya Greenwich, Uingereza, kwa saa 3 kamili. Ndiyo sababu Musoma jua hufika utosini karibu saa 6 na dakika 45 mchana. Saa haikukosea, hayo ni mapatano ya watu.

Kumbukeni tarehe 9 Desemba 1961. Bendera yetu ilipandishwa Dar es Salaam saa sita ya usiku. Butiama, kwao Mwalimu Nyerere, usiku wa manane kwa hesabu ya jua ulikuwa haujafika. Lakini Uhuru ulikuja kwa saa moja nchi nzima.

Basi mtu wa mbali alijuaje saa iliyo sawa? Redio ilimsaidia. Mwaka 1924 redio ya BBC ilianza kutoa milio sita ya saa. Dar es Salaam ilipata redio yake mwaka 1951. Mwaka 1973 vikundi vya watu wazima vilikusanyika kusikiliza masomo ya "Mtu ni Afya". Mwenye saa iliyochelewa alikuta somo limekwisha anza.

Sasa tufike siku hizi. Fedha mnazotumiana kwa simu huandikwa katika seva, yaani kompyuta zinazotunza hesabu na kuhudumia kompyuta nyingine. Kila seva ina saa yake, na kila saa hukimbia au huchelewa kidogo. Tuseme mvuvi wa Musoma amempelekea mkewe fedha Bunda. Seva moja imechelewa dakika 5. Kitabu chaonyesha mke alitoa fedha kabla mume hajazituma! Nani ataaminiwa? Mtu mwaminifu aweza kuitwa mwizi kwa kosa la saa tu.

Mwaka 1985 bwana mmoja wa Marekani, David L. Mills, alitoa kanuni ya kompyuta kuulizana saa kwa njia ya mtandao. Kanuni hiyo yatumika hata leo. Fahamuni kwa mfano huu.

Saa yako yasema saa 2 kamili. Unamtuma mtoto kwa jirani akasome saa yake. Mtoto anasoma saa 2 na dakika 15, anarudi mara moja. Akifika, saa yako yasema saa 2 na dakika 20. Safari nzima ni dakika 20. Kwenda peke yake ni dakika 10. Basi mtoto alipokuwa kwa jirani, saa yako ilisema saa 2 na dakika 10. Jirani alikuwa na 15. Saa yako imechelewa dakika 5.

Seva hufanya hivyo hivyo, ila safari yake ni sehemu ndogo ya sekunde. Tena haiulizi jirani mmoja tu, maana naye aweza kukosea. Huuliza kadhaa, na yule anayepingana na wenzake humwacha. Ikiona imechelewa kidogo, huenda mbio kidogo kidogo mpaka ilingane. Hairuki ghafula, ili maandishi ya hesabu yasivurugike. Na majirani hao wote huchota saa zao katika saa za atomi, kama vijito vinavyotoka katika chemchemi moja.

Basi, ndugu zangu, mtu akikuonyesha maandishi ya saa na kusema wewe ni mwongo, usinyamaze wala usigombane. Uliza: saa hii ilitiwa majira lini, na kwa saa gani?

Maswali ya kuzungumza:
1. Kwa nini jua la Musoma huchelewa kuliko la Dar es Salaam?
2. Mtoto ametumwa saa 3 kamili, akasoma saa 3 na dakika 12 kwa jirani, akarudi saa 3 na dakika 16. Saa yako imechelewa dakika ngapi?
3. Kwa nini haifai kuuliza jirani mmoja tu?

Kwaherini mpaka somo lijalo.