Unyamazishaji wa jeni katika seli za saratani

Unyamazishaji wa jeni ni hali ambapo seli haisomi jeni fulani ingawa maandishi yake katika DNA hayajaharibika. Katika seli za saratani, hali hiyo mara nyingi hutokana na mabadiliko ya kromatini, yaani mchanganyiko wa DNA na protini uliomo ndani ya kiini cha seli. Miongoni mwa jeni zinazonyamazishwa hivyo ni zile zenye kazi ya kuzuia uvimbe.

Muundo wa kromatini

Seli moja ya binadamu ina DNA yenye urefu wa mita 2 hivi, lakini upana wa kiini chake ni sehemu chache tu za elfu za milimita. Ili ienee humo, DNA huzungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi kwenye kijiti. Fungu la histoni 8 lililozungukwa na jozi 147 hivi za besi za DNA huitwa nukleosomu.

Nukleosomu zikiachana, vimeng'enya huifikia jeni na kuinakili kuwa RNA. Zikibanana, haifikiki. Seli zenye afya pia hutumia njia hiyo: seli ya ini na seli ya neva zina DNA ileile, lakini kila moja imefunga jeni isizozihitaji.

Njia za kunyamazisha

Njia kuu ni tatu, nazo mara nyingi husaidiana:

* Methili kwenye DNA: vimeng'enya hubandika kikundi cha methili kwenye besi ya sitosini. Alama hizo zikirundikana kwenye promota, yaani sehemu ya kuanzishia usomaji wa jeni, huvuta protini zinazobana kromatini.
* Kuondolewa kwa asetili: histoni zina chaji chanya, DNA ina chaji hasi. Asetili hupunguza chaji ya histoni na kulegeza mshikamano. Ikiondolewa, kromatini hukaza.
* Methili kwenye histoni: kimeng'enya EZH2 huweka methili 3 kwenye lisini ya 27 ya histoni H3, na jeni hufungwa.

Mfano wa jeni MLH1

Jeni MLH1 hutoa protini inayosaidia kusahihisha makosa wakati DNA inaponakiliwa. Takriban 15% ya saratani za utumbo mpana zina hitilafu ya usahihishaji huo, nyingi kwa sababu promota ya MLH1 imejaa methili. Makosa hurundikana katika jeni nyingine na uvimbe huendelea.

Kipimo cha methili kina maana kwa familia pia. MLH1 ikiwa imenyamazishwa ndani ya uvimbe, kwa kawaida tatizo halikurithiwa. Ikiwa ilirithiwa ikiwa na kasoro katika maandishi yake (sindromu ya Lynch), ndugu wa mgonjwa nao wanahitaji kuchunguzwa.

Tiba

Maandishi yaliyoharibika ni vigumu kuyarekebisha, lakini alama za kromatini huweza kuondolewa. Mwaka 1980 Peter Jones na Shirley Taylor walionyesha kwamba azasitidini huzuia uwekaji wa methili kwenye DNA. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 2004 kwa sindromu za mailodisplasia, magonjwa ya uboho yanayoweza kugeuka leukemia. Vorinostati, inayozuia uondoaji wa asetili, iliidhinishwa huko mwaka 2006 kwa aina ya limfoma ya ngozi.

Dawa hizo hazichagui jeni: hufungua zinazohitajika na nyingine pia. Tena alama huweza kurudi dawa ikiachwa, ndiyo maana azasitidini hutolewa kwa mizunguko.