Mapigo ya Umeme Yanavyotumika katika Tiba Mpya ya Selimundu

Tiba ya selimundu iitwayo Casgevy, iliyoidhinishwa nchini Uingereza Novemba 2023 na nchini Marekani tarehe 8 Desemba mwaka huo huo, inategemea hatua ya maabara ambayo ni rahisi kueleweka visivyo. Katika hatua hiyo, seli hupigwa umeme kwa muda mfupi sana ili zipokee kitu kutoka nje. Umeme huo haupitishwi mwilini mwa mgonjwa, bali kwenye seli ambazo zimekwisha kutolewa mwilini.

Kila seli imezungukwa na utando wa mafuta wenye unene wa takriban nanomita 5, ambao huzuia molekuli kubwa kama protini na vinasaba kupenya. Seli zikiwekwa katika kimiminika kati ya vipande viwili vya metali na kupigwa umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde, matundu madogo mno hufunguka katika utando. Molekuli hupenya, kisha utando hujiziba wenyewe. Pigo likizidi nguvu, matundu hayazibiki na seli hufa. Udhaifu huo hutumiwa kwa makusudi katika kuua baadhi ya uvimbe wa saratani. Mwaka 1982, Eberhard Neumann na wenzake waliripoti kuingiza vinasaba katika seli za panya kwa njia hii.

Katika Casgevy, seli shina za damu hukusanywa kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, na mapigo ya umeme huingiza ndani yake kifaa cha kukata vinasaba kiitwacho CRISPR. Kifaa hicho hulegeza breki ya kinasaba inayozuia himoglobini ya utotoni, ile ambayo mtoto huzaliwa nayo na ambayo haipindishi chembe nyekundu kuwa umbo la mundu. Kabla ya seli hizo kurudishwa, mgonjwa hupewa dawa kali za kuondoa seli shina za zamani, na hii ndiyo sehemu nzito zaidi ya tiba. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu.

Tiba hiyo iliidhinishwa mwaka 2023 kwa wenye umri wa miaka 12 na kuendelea, na bei yake ilipotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2. Kwa Tanzania, miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, gharama hiyo ni kikwazo kikubwa kuliko sayansi yenyewe. Upandikizaji wa uloto kutoka kwa ndugu, unaofanyika katika Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, ni tiba tofauti na hauhusishi mapigo hayo.

Mgonjwa anayetumia haidroksiyurea hapaswi kuiacha kwa kusubiri tiba hii. Aidha, mashine yoyote inayodaiwa kuponya selimundu kwa kumpitishia mtu umeme mwilini haina uhusiano na Casgevy.