Taasisi ya Vijana Wasioona ya Paris: Shule Iliyofunzwa na Mwanafunzi Wake

Mwaka 1771, kwenye maonyesho ya Saint-Ovide mjini Paris, wanamuziki wasioona walivalishwa kofia za kuchekesha na miwani ya kadibodi ili umati uwadhihaki. Valentin Haüy, aliyekuwa mfasiri wa lugha, alishuhudia udhalilishaji huo ukamkaa moyoni. Mwaka 1784 alikutana na kijana François Lesueur, aliyekuwa akiomba sadaka mlangoni pa kanisa. Haüy alimfidia mapato ya kuomba ili apate nafasi ya kusoma. Mwaka uliofuata alifungua shule.

Wanafunzi walipapasa herufi za kawaida zilizochapwa kwa kuinuliwa juu ya karatasi. Vitabu vilikuwa vikubwa na vizito, na usomaji ulikwenda polepole. Tena wanafunzi hawakuwa na njia nyepesi ya kuandika wenyewe.

Louis Braille alijiunga mwaka 1819 akiwa na umri wa miaka 10. Alipofuka utotoni baada ya kujichoma jicho kwa kifaa chenye ncha katika karakana ya baba yake, fundi wa matandiko ya farasi. Mwaka 1821 Charles Barbier, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi, aliiletea shule mwandiko wa nukta 12. Braille alizipunguza hadi 6, alama nzima ikaenea chini ya ncha ya kidole kimoja. Alikamilisha msingi wa mwandiko wake mwaka 1824, akauchapisha mwaka 1829 pamoja na alama za muziki.

Lakini mwaka 1840 uongozi mpya wa shule ulikuja na kuzipinga nukta hizo. Wanafunzi hawakuziacha. Jengo jipya lilipozinduliwa mwaka 1844, mtoto mmoja aliandika shairi kwa imla. Mwenzake, aliyekuwa nje ya ukumbi, akaitwa akalisoma mbele ya wageni. Pingamizi likalegea. Braille alifariki mwaka 1852, miaka miwili kabla ya mwandiko wake kukubaliwa rasmi.

Shule hiyo ilimlea pia Louis Vierne, mpiga kinanda wa Notre-Dame kuanzia mwaka 1900. Na nukta zilizozaliwa humo ndizo nukta nundu zinazosomwa kwa Kiswahili katika shule za wasioona za Thika, Kenya, na Buigiri, Tanzania. Haüy alistahili heshima kwa kufungua mlango. Wanafunzi wanastahili heshima kama hiyo, maana wao ndio waliojua kidole kinahitaji nini. Shule yoyote ya wasioona inayopanga mambo yake bila kuwauliza wanafunzi inajinyima walimu wake bora.