Mavuno ya Mukuba

Mapadri waliosoma Roma hutusimulia namna walivyotembea kwa miguu vilimani, kati ya mashamba ya mizabibu na vijiji vya kale. Karibu na Kolwezi sisi pia tuna vilima vya namna hiyo.

Penye mukuba mwingi miti haioti, ila majani na maua. Kwa alama hiyo wazee walitambua fasi ya kuchimba. Monseigneur de Hemptinne aliandika habari zao mwaka 1926, akawaita «walaji wa mukuba». Mtama ulipokwisha kuvunwa, walipanda mlimani. Walichimba mawe ya kijani, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakayayeyusha kwa makaa na mivukuto. Kisha wakarudi kulima. Mukuba nao ulikuwa na majira yake, kama zabibu.

Mukuba wa Katanga ulifika mbali. Mwaka 1957 na 1958, huko Sanga kando ya ziwa Kisale, wataalamu walichimbua makaburi yenye misalaba midogo ya mukuba. Haikuwa ya dini: ilikuwa fedha yao.

Leo mashine zinakula vilima vyenyewe. Basi, katekista, uwaulize wazee wa kijiji chako, tena uandike. Kilima kikiisha, nani atakionyesha?