Je, Ziwa Letu Lilikuwa Bahari?

Sisi wa Kalemie tunamjua mukeke tangu utoto. Tumemkaanga, tumemkausha, tumemtia katika vikapu apelekwe bara kwa gari moshi. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa vitabuni anaitwa Lates stappersii, kwa heshima ya Daktari Louis Stappers, Mbelgiji aliyekusanya viumbe vya ziwa hili tangu 1911 mpaka 1913. Boulenger alimpa jina hilo mwaka 1914. Jina la mvuvi aliyemtoa majini halimo.

Uchunguzi wenyewe ulianza zamani zaidi. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm aliona ziwani kiumbe laini kama uji ulioganda, cha mviringo kama mwavuli, kidogo kama sarafu. Watu wa pwani humwita konyeza au yavuyavu. Habari ilipofika Ulaya wataalamu walistaajabu sana, maana jamaa zake karibu wote hukaa katika maji ya chumvi. Tena konokono wetu wana magamba mazito, mengine yenye miiba, kana kwamba wameokotwa ufukweni mwa bahari.

Basi akaja Mwingereza Moore, mara mbili, kabla ya mwaka 1900 na mwaka ule wenyewe. Kitabu chake cha 1903 kilidai ya kuwa Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale. Dai hilo lilipendeza watu wengi, nasi tukiri lingetupendeza pia. Hata hivyo Cunnington, aliyetumwa 1904 kulichunguza jambo hilo, alipima ushahidi wote akaona hautoshi. Konokono hawa hawakutoka baharini: walibadilika papa hapa, kwa kuwa ziwa lina umri wa miaka milioni 9 hadi 12, muda wa kutosha kuzaa namna zake lenyewe.

Baada ya vita kikaja kikosi cha Wabelgiji, 1946 na 1947, mkubwa wao Eugène Leloup. Capart alipima kina akapata metro 1,470. Max Poll alishika kazi ya samaki, na wengi aliowaeleza wamo chupani huko Tervuren mpaka leo. Kisha taasisi ya IRSAC, iliyoundwa 1947, ikafungua kituo Uvira, na Marlier akafanya kazi hapo. Kituo cha Uvira kipo bado, nacho ni mali ya Kongo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 lumbu wa ziwa letu walichukuliwa wakatiwa katika Ziwa Kivu, wakazaana. Wenyeji wa huko sasa huwaita sambaza.

Mtu atauliza, kuhesabu konokono kunamfaa nini mvuvi? Nasi tuliuliza hivyo hivyo. Lakini mwaka 2003 wataalamu walilinganisha joto la maji na vipimo vya tangu 1913, wakaona ziwa limepata joto. Maji ya juu yakiwa moto zaidi hayachanganyiki vema na ya chini, ambako ndiko chakula kilikolala. Mimea midogo ya majini hupungua, na ndakala huishi kwa wadudu walao mimea hiyo. Mukeke naye humla ndakala. Wazee wa ufukweni hapa walikwisha kutuambia ya kuwa usiku wa giza taa zinawaka mpaka alfajiri na mitumbwi inarudi myepesi. Wao hawakuwa na kipimo cha 1913 cha kuwaonyesha wakubwa.