Haki ya Aliyetoka Hospitali

Bismillahir Rahmanir Rahim



Katika hadithi za Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) mna kisa kifupi ambacho aghlabu hatukisomeshi katika madrasa zetu. Bibi mmoja wa Kiansari, Ummul Mundhir (r.a.), asimulia kuwa Mtume aliingia nyumbani kwake pamoja na Sayyidna Ali (r.a.). Ndani ya nyumba palikuwa na vishada vya tende vimetundikwa. Mtume akaanza kula, na Ali naye akanyoosha mkono. Mtume akamzuia, akamkumbusha kuwa yeye bado ni naqihi. Yule bibi akapika shayiri na mboga, na Mtume akamwelekeza Ali ale chakula hicho, kwani ndicho kilichomfaa zaidi.

Neno hilo la Kiarabu, naqihi, lina maana ya mtu ambaye maradhi yamemtoka lakini uzima haujamrudia. Kiswahili chetu kina mgonjwa na kina mzima. Huyu aliye katikati hatuna neno moja la kumwitia. Twasema tu kuwa "hajambo sasa", kisha kila mtu hurudi katika shughuli zake. Tazama basi: Ali alikuwa kijana shujaa, ameinuka kitandani, anatembea mwenyewe, na bado Mtume alimwona kuwa ni mtu wa kutunzwa. Kwa hakika, kuinuka kitandani si mwisho wa safari.

Kisa cha pili ni cha Saad bin Muadh (r.a.), aliyepigwa mshale mkononi katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria (627). Mtume aliamuru apigiwe hema ndani ya msikiti, ili awe karibu naye kumzuru. Wanahistoria wanamtaja hapo Bibi Rufaida (r.a.), mwanamke wa kabila la Aslam, aliyekuwa akiwauguza majeruhi. Jeraha la Saad likakauka, likakaribia kupona. Kisha likapasuka, naye akafariki. Twapata hapa funzo ambalo kila tabibu analijua: jeraha laweza kufunga kwa juu na hatari ikabaki ndani. Ndiyo maana aliyepona huendelea kutazamwa.

Waislamu waliokuja baadaye hawakuyaacha mafunzo haya yabaki vitabuni. Waliyajengea nyumba. Huko Marrakesh, Khalifa Abu Yusuf Yaaqub al-Mansur, aliyetawala kuanzia mwaka 1184 hadi 1199, alijenga hospitali kubwa, akaipandia miti na kuipitishia maji. Mwanahistoria Abdulwahid al-Marrakushi, aliyeandika mwaka 1224, ametuachia habari zake. Anasema kuwa kila siku zilitengwa dinari 30 kwa ajili ya chakula, mbali na dawa. Mgonjwa alipewa nguo za usiku na za mchana, za kusi na za kaskazi kama tungesema huku kwetu. Na kila Ijumaa, baada ya Sala, Khalifa mwenyewe alikwenda kuwatazama wagonjwa, akiwauliza hali zao na namna wanavyohudumiwa.

Lakini jambo ninalotaka ulishike, ndugu yangu, ni hili. Mgonjwa aliyepona akiwa ni fukara, siku ya kutoka aliamriwa apewe mali ya kuishi nayo mpaka awezapo kujitegemea. Akiwa ni tajiri, alirudishiwa mali yake. Hawakumwambia, "Umepona, nenda zako." Walijua kuwa mchukuzi aliyelala kitandani miezi mitatu hawezi kubeba gunia siku anayofika nyumbani, na kuwa njaa ya wiki ya kwanza yaweza kumrudisha kitandani.

Karibu miaka mia moja baadaye, Sultani al-Mansur Qalawun alijenga hospitali yake mjini Cairo, katika miaka ya 1284 na 1285. Inasimuliwa kuwa kabla ya kupata ufalme aliugua Damascus, akatibiwa kwa dawa zilizotoka katika hospitali ya Nuruddin, akaweka nadhiri. Alipotawala aliitimiza. Akaiwekea hospitali hiyo wakfu wa maduka, hamamu na milki nyingine, na mlango wake ukawa wazi kwa tajiri na fukara, mwanamume na mwanamke, mwenyeji na mgeni. Wenye homa walikuwa na mahali pao, wenye maradhi ya macho pao, na wenye majeraha pao. Aliyepona alipewa nguo wakati wa kutoka. Aliyefariki alikafiniwa na kuzikwa. Tena wakfu huo uliwafikia wagonjwa majumbani. An-Nuwayri, aliyewahi kuisimamia hospitali hiyo, ameandika kuwa waliopelekewa dawa na vyakula majumbani mwao walizidi 200 kwa wakati mmoja, mbali na waliolazwa.

Sasa tuje katika maradhi yanayotutisha zaidi siku hizi. Jina la saratani limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni kaa, yule mnyama wa pwani. Ibn Sina (980–1037) alieleza kuwa huenda yameitwa hivyo kwa sababu hung'ang'ania kiungo kama kaa anavyokamata, au kwa sababu mishipa iliyotapakaa pembeni yake hufanana na miguu ya kaa. Az-Zahrawi wa Andalusia, bingwa wa upasuaji aliyefariki karibu mwaka 1013, alifundisha kuwa saratani ikiwa ndogo, na ikiwa mahali pa kufikika, yaweza kukatwa yote. Ikiwa kubwa na ya siku nyingi, alionya isiguswe, akakiri kwa unyofu wa mwanachuoni kuwa yeye hakuwahi kumponya mtu wa namna hiyo, wala hakumwona aliyeweza.

Kwa hiyo, katika zama zile, naqihi wa saratani alikuwa mtu adimu sana. Leo, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, hali imebadilika. Kuna upasuaji, kuna mionzi, kuna dawa za kupitishwa mshipani, na wengi wanaowahi hospitali hupona. Hapa Tanzania, hospitali iliyojengwa na Wajerumani ufukweni Dar es Salaam mwishoni mwa karne ya 19 ndiyo iliyogeuzwa, mwaka 1996, kuwa Taasisi ya Saratani Ocean Road. Hivi sasa katika miji yetu na hata vijijini mna watu waliomaliza tiba na kurudi kwao. Hili ni kundi jipya katika historia, na sisi hatujajua namna ya kuishi nalo.

Wazungu nao walichelewa kuliona. Mwaka 1985 daktari mmoja wa Marekani, Fitzhugh Mullan, ambaye mwenyewe alikuwa amepatwa na saratani, aliandika kuwa maisha ya mgonjwa huyu yana misimu mitatu: msimu wa tiba, msimu wa baada ya tiba wenye hofu na udhaifu, na msimu wa utulivu. Aliwalaumu matabibu wenzake kwa kumwokoa mtu asizame, kisha kumwacha gatini akikohoa maji peke yake. Mwaka uliofuata yeye na wenzake waliunda umoja wa watu waliopitia maradhi hayo. Msimu wake wa pili, ukiutazama vizuri, ndio ule wa naqihi.

Na mimi, ndugu msomaji, sina budi kukiri kosa langu. Katika mtaa wetu yuko mama mmoja niliyemsomesha juzuu akiwa binti mdogo. Alipougua saratani ya titi tulimchangia na tukamzuru. Aliporudi baada ya tiba tulisoma khitma, tukachinja mbuzi, nami ndiye niliyeomba dua ya shukrani. Tokea siku hiyo, kwa muda wa miezi minane, sikukanyaga mlangoni kwake. Nilikuwa nikisema moyoni, "Alhamdulillahi, amepona."

Siku moja mjukuu wangu akaniambia kuwa yule mama hawezi kuteka maji, mkono mmoja umevimba. Nikaenda. Nikafahamishwa kuwa zikiondolewa tezi za kwapani, mkono wa upande ule waweza kuvimba, na kuwa kuna mazoezi na namna ya kuufunga ili upungue. Hospitali walikuwa wamempangia siku ya kurudi kutazamwa. Siku hiyo ilikuwa imepita miezi mitano, kwa kukosa nauli. Nikamuuliza, "Mwanangu, mbona hukusema?" Akajibu, "Sheikh, nyote mlikwisha kumshukuru Mungu kuwa nimepona. Ningesemaje tena kuwa naumwa?"

Wallahi neno lile liliniingia. Dua yetu ya shukrani, ambayo ni ibada, tuliifanya kuwa kufuli la mdomo wake. Alirejea kliniki kwa nauli iliyotoka katika kisanduku cha msikiti, na mkono wake sasa unatunzwa. Lakini miezi ile mitano hakuna awezaye kumrudishia.

Basi tufanye nini? Kwanza, tusihesabu kuwa haki ya kumzuru mgonjwa imekwisha siku anayotoka hospitali. Tumzuru baada ya mwezi, baada ya miezi sita, baada ya mwaka, na tumuulize swali linalofungua mdomo: "Siku ya kurudi kliniki ni lini, na nauli unayo?" Pili, tusimkataze kuogopa. Hofu ya maradhi kurudi si upungufu wa imani. Atakayeambiwa "mtegemee Mungu tu" ataificha dalili, na hali aliyefungiwa ngamia wake ndiye aliyetegemea.

Tatu, nasema na waume. Mwanamke aliyetibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa mionzi huweza kupata maumivu katika unyumba, na hospitalini kuna mafunzo na msaada wa jambo hilo. Mume mwema huenda naye akaulize. Asiyefanya hivyo, akakimbilia kuoa mwingine na kumtupa huyu, ajiulize atajibu nini siku atakapoulizwa juu ya amana yake.

Nne, turudishe wakfu. Babu zetu wa pwani waliweka wakfu minazi, mashamba na nyumba kwa ajili ya misikiti na mafukara. Ni nini kinachotuzuia kuweka minazi kumi, au kodi ya chumba kimoja cha duka, kwa ajili ya nauli na chakula cha waliotoka hospitali? Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Khalifa wa Marrakesh alikuwa na hazina ya dola. Ummul Mundhir alikuwa na shayiri na mboga, na kazi waliyoifanya ni moja.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape nguvu waliotoka katika maradhi, na atupe macho ya kuwaona. Amin.

Wabillahi Tawfiq.