Ombwe Kwenye Chupa ya Chai

Kila alfajiri, vibarua wa Kibera wanaposhika njia ya Industrial Area kwa miguu, huwakuta wauza chai wamekwisha kujipanga kando ya reli. Kawangware nako, pale stendi ya 46, mambo ni yale yale: ndoo ya mandazi, mayai ya kuchemsha, kachumbari kwenye kopo, na chupa ya chai iliyovishwa mfuko wa nailoni. Chai iliyopikwa kabla jogoo hajawika bado inachoma ulimi. Kinachoilinda ni ombwe, yaani nafasi iliyofyonzwa hewa, katikati ya kuta mbili za chupa ile.

Aliyeibuni hakuwa na haja ya chai. Mwaka 1892 James Dewar, mwanakemia Mskoti aliyefanya kazi Royal Institution jijini London, alisumbuliwa na gesi alizozigeuza kuwa kimiminika kwa baridi kali. Kila alipozihifadhi, joto la chumba lilizichemsha zikapotea. Akatengeneza chupa ndani ya chupa, akafyonza hewa ya katikati, na joto likakosa cha kupitia. Hakukata hataza. Mjerumani Reinhold Burger, fundi wa vioo, alipoona chupa hiyo inaweza kuuzwa madukani, aliigeuza biashara ya Thermos mwaka 1904. Dewar alikwenda mahakamani, akashindwa.

Chupa hiyo inafuta dhana moja iliyozagaa. Wengi wetu tumefundishwa na sinema kwamba kitu kikitupwa nje ya chombo cha angani hugandishwa papo hapo na baridi ya huko. Kama ombwe lingekuwa na uwezo huo, chai ya Kawangware ingekuwa barafu chupani. Ombwe halipokei joto kwa kugusana na kitu, maana hakuna kitu cha kugusana nacho. Joto hutoka kwa mnururisho tu, nao huchukua muda. Chakula kikianikwa angani kitaganda, ndiyo, lakini kitagandishwa na maji yake chenyewe.

Jambo hilo lilionekana zamani, kabla mtu hajaota kurusha roketi. Robert Boyle, huko Uingereza karibu mwaka 1660, aliweka maji ya uvuguvugu ndani ya chombo cha kioo, akafyonza hewa kwa pampu, maji yakachemka bila moto. Mwaka 1810 John Leslie wa Edinburgh akaenda mbali zaidi: aliweka maji kwenye ombwe pamoja na tindikali ya kunyonya mvuke, na maji yakaganda kuwa barafu. Siri ni kwamba mvuke hauondoki mikono mitupu. Kila tone linalogeuka mvuke hubeba joto kutoka kwa maji yaliyobaki, na yaliyobaki hupoa mpaka yagande.

Mpishi yeyote wa githeri Nairobi anaijua nusu ya habari hii, hata kama hajawahi kusikia jina la Boyle. Jiji liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa inayokandamiza sufuria ni pungufu kwa takriban moja ya tano kuliko ya Mombasa. Kwa hiyo maji ya Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na maharagwe hukawia kuiva huku makaa yakiteketea. Kwenye kilele cha Lenana cha Mlima Kenya, mita 4,985, maji huchemka kwenye nyuzi 84 hivi. Ukifika kilomita 19 juu, joto la mwili wa binadamu linatosha kuyachemsha.

Sasa tuiandae meza ya Kibera huko juu kabisa. Chai ya moto ikimwagwa nje ya chombo cha angani hulipuka kwa kuchemka na kutawanyika matone. Kwa hesabu ya joto, kama robo yake hutoroka ikiwa mvuke na robo tatu hubaki chembe za barafu yenye rangi ya maziwa. Barafu hiyo nayo haidumu. Mahali pasipo na mkandamizo, barafu hupita moja kwa moja kuwa mvuke bila kuwa maji kwanza, na mwisho wa yote hubaki unga wa maziwa, sukari na majani. Wanaanga wa Marekani wameshuhudia mwanzo wa mchezo huo mara nyingi, ingawa wao walikuwa wakimwaga mkojo. Nje ya dirisha ulimetameta kama nyota.

Ugali moto utavimba na kupasuka, kwa kuwa mvuke wa ndani hauna subira ya kungoja njia. Kisha utaganda, utakauka, na kubaki bonge jepesi lenye matundu. Sukuma wiki, jani jembamba lililojaa maji, itakauka mapema na kuvunjika ukiigusa. Nyanya itachanika ganda. Yai la kuchemsha hatuna haja ya kulikisia sana: ganda lake lina vitundu vya kupitisha hewa, na kama hewa ya ndani haitapata nafasi ya kutoka polepole, litapata nyufa. Chapati itapoteza maji lakini mafuta yake yatabaki, kwani mafuta ya kupikia hayageuki mvuke kwa urahisi. Chumvi pia haiendi popote. Kitakachotangulia kutoroka ni harufu ya dania na kitunguu, na hapo ndipo mimi ningekikataa chakula hicho.

Omena, kwa upande wake, haitajali sana. Wavuvi wa Ziwa Victoria wamekwisha kuianika juani kabla haijafika masoko ya Nairobi, na kitu kisicho na maji hakina cha kuchemsha. Mahindi na maharagwe makavu ni hivyo hivyo. Tena havingeoza, kwa sababu bakteria wanahitaji maji ili wazaane. Ila wasidhaniwe wamekufa wote: mbegu za bakteria aina ya Bacillus subtilis zilikaa angani karibu miaka sita na nyingi zilizokingwa na jua zikafufuka zilipopewa lishe.

Kukausha chakula kwa ajili ya safari za mbali hakukuanzia NASA, wala hakukuwa kugeni nchini. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili serikali ya kikoloni ilianzisha viwanda vya mboga zilizokaushwa Karatina na Kerugoya ili kulisha majeshi, na wakulima wadogo wa Nyeri na Kirinyaga wakapata soko la viazi na mboga. Vita vilipokwisha viwanda vilifungwa, na wakulima walibaki na kinyongo. Vita hivyo hivyo viliwafanya Wamarekani wakaushe utegili wa damu kwa kuugandisha na kuuweka kwenye ombwe, ufundi uliohamia baadaye kwenye kahawa ya papo hapo na mlo wa wanaanga.

Kenya ilipofika angani haikubeba chakula. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kwanza kabisa kutengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Marjorie Townsend wa NASA, aliyesimamia mradi, aliipa jina Uhuru kwa heshima ya wenyeji wake waliokuwa wakisherehekea uhuru wao siku hiyo. Tarehe 11 Mei 2018 ikafuata 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga ikiwa na kamera.

Chakula kilipelekwa na wengine. Kati ya Aprili 1984 na Januari 1990 mbegu milioni 12.5 za nyanya ziliizunguka dunia ndani ya chombo cha NASA, kisha zikagawiwa wanafunzi wazipande. Zikaota. Hizo zilifungiwa kwa sehemu kubwa katika mikebe isiyopitisha hewa, kwa hiyo jaribio kali zaidi ni lile la 2008 na 2009, ambapo mbegu za tumbaku na za mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis zilikaa nje ya kituo cha anga miezi 18, zikipigwa na jua la huko. Asilimia 23 zilitoa mimea hai.

Halafu ikaja zamu ya mtama, ambao Kawangware husagwa pamoja na wimbi kwa ajili ya uji. Novemba 2022 FAO na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki walipeleka mbegu zake kituoni, nyingine ndani na nyingine nje kwenye ombwe, wakitafuta mabadiliko ya urithi yatakayozaa mimea inayostahimili ukame. Zilirudi 2023 na kupandwa katika maabara za Seibersdorf, Austria.